Almasi ghafi, kwatzi au kipande cha chupa? Pima kabla hujatoa hela

Kwatzi, lile jiwe jeupe la mashambani kwetu, inakwaruza kioo. Laiti ningeweza, ningebandika maneno hayo kila mahali watu wa huku kwetu wanapouziana mawe, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Dodoma mjini hadi stendi ya Manyoni. Kipimo kinachowaliza wengi ni hicho hicho. Muuzaji anatoa jiwe mfukoni, anaomba kipande cha kioo, anachora. Kioo kinalia, mstari unabaki. Mnunuzi anapitisha kidole, anausikia mkwaruzo, na hapo hapo ameshanunua moyoni.

Mwaka juzi mjomba wangu wa Manyoni alinunua jiwe kwa njia hiyo. Aliuza ng'ombe wawili, fedha akampa kijana aliyejieleza kuwa ametokea Maganzo, huko kwenye almasi mkoani Shinyanga, na amekwama nauli. Alipoliwasilisha kwangu Dodoma lilikuwa limefungwa kwenye leso, mafundo mawili. Tulipomaliza kuamkiana alinikabidhi, akaketi kimya akiningojea. Nilipima mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza nilitamani niwe nimekosea.

"Lakini mwanangu, mimi nimeliona kwa macho yangu likikata kioo," alisema.

Lilikata kweli. Nilitoka uani, nikaokota jiwe jeupe lililokuwa limeegeshwa kwenye banda la kuku, nikachora kioo kile kile mbele yake. Mistari miwili ikawa imelala sambamba, na hakuna aliyeweza kusema upi ni wa jiwe la ng'ombe wawili na upi ni wa jiwe la banda.

Kwa hiyo hapa nitaweka almasi ghafi, kwatzi na kioo ubavu kwa ubavu, na nitaviweka pia vipimo vyenyewe ubavu kwa ubavu, kwa sababu vingine vinatenganisha mawe haya na vingine vinampa mtu ujasiri tu wa kutoa fedha.

Jiwe limeokotwa wapi

Milima ya mawe unayoiona ukitoka Dodoma kupita Bahi, Manyoni hadi Singida, sehemu kubwa ni graniti, na graniti imebeba kwatzi ndani yake. Mwamba huo ukichakaa kwa jua na mvua, sehemu nyingine zinaoza kuwa udongo na ulanga unachukuliwa na maji. Kwatzi haiozi. Inabaki, na ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa makorongo yetu. Pale mishipa ya kwatzi ilipopita katika mwamba, mkulima akilima anatoa mawe meupe kwa ndoo, na mara moja moja anatoa moja lililo angavu kama maji. Hilo moja ndilo linaloanza safari ya kwenda mjini.

Almasi ina njia yake. Iliumbika chini sana, zaidi ya kilomita 150 kutoka tulipo, ikaletwa juu na mlipuko wa mwamba uitwao kimbalaiti. Mwadui mkoani Shinyanga, ambako mwanajiolojia John Williamson kutoka Kanada aligundua almasi mwaka 1940, ni bomba la kimbalaiti lenye ukubwa wa hekta 146 hivi juu ya ardhi. Huko ndiko lilikotoka mwaka 1947 jiwe la waridi la karati 54.5 ambalo Williamson alimpa Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Baada ya kukatwa lilibaki karati 23.6. Kimbalaiti imekutwa pia mkoani Singida. Kwa hiyo simwambii mtu wa Singida kwamba jiwe lake haliwezi kuwa almasi. Ninamuuliza ameokota na nini. Kimbalaiti haiji na almasi peke yake. Huja na chembe za garneti nyekundu inayoelekea zambarau na chembe nyeusi nzito za ilmenaiti, na hizo ni nyingi kuliko almasi mara elfu na elfu. Mtu aliyechekecha mchanga mahali penye almasi atakuwa ameziona hata kama hajui majina yake. Mtu aliyeokota jiwe angavu kando ya mshipa mweupe wa kwatzi, bila chembe hata moja ya hizo, ana kwatzi karibu kwa hakika.

Na kioo kinatoka wapi? Kwetu wenyewe. Vitako vya chupa nene hutupwa korongoni, masika yanavibingirisha na mchanga, na baada ya miaka vinatoka vimeduara na ngozi yenye ukungu. Madirisha ya pembeni ya magari yakivunjika hayatoi vigae virefu, yanatoa vipande vidogo vinene kama sukari guru iliyokatwakatwa. Kando ya barabara kuu vipo, na mtoto akikiokota kimoja kilichokaa miaka mitatu kwenye vumbi, hukileta nyumbani kwa mikono miwili.

Ardhi hii ya kati si maskini wa vito. Winza, wilayani Mpwapwa, imetoa rubi zilizotikisa soko la dunia tangu 2008 hivi. Haneti inajulikana kwa krisopresi, jiwe la kijani ambalo rangi yake inatokana na nikeli. Nayataja kwa sababu nimewahi kuona mtu anatupa kokoto ya kijani akiendelea kukumbatia kwatzi yake nyeupe.

Kinachoonekana kwa macho na kwa lupu

Anza na hili: almasi ghafi haimetimeti. Kumetameta kwa pete ya dukani ni kazi ya fundi aliyekata nyuso kwa pembe maalumu. Jiwe lililotoka ardhini linafanana zaidi na kipande cha gundi ya mgunga iliyokauka, ile wachungaji wanayobandua kwenye magome: lina mwanga ndani, lakini juu linaonekana kama limepakwa mafuta. Rangi yake mara nyingi ni njano hafifu, kahawia au kijivu. Kwatzi angavu, ikilazwa pembeni yake, inang'aa kwa namna ya kioo kilichovunjika sasa hivi, mng'ao mkavu na baridi. Mtu asiyezoea akiwekewa yote mawili ataichagua kwatzi kwamba ndiyo almasi. Nimeona hivyo mara nyingi, na siwalaumu, kwa sababu kwatzi ni nzuri zaidi machoni.

Umbo linasema mengi kama jiwe halijachakaa. Almasi hupenda umbo la nyuso nane, kama piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako. Wakati mwingine nyuso hizo zimevimba na kingo zimelainika hadi jiwe linakaribia mviringo, na wakati mwingine ni bapa lenye pembe tatu. Kwatzi ni mche wa pande sita unaoishia kwenye ncha, na ukiutazama ubavuni utaona mistari midogo imelala kuukata mche, kama mistari ya daftari. Kioo hakina umbo lake kwa asili. Kina umbo la alichofanywa nacho.

Chukua lupu ya kukuza mara kumi, lisafishe jiwe kwa maji na sabuni, likaushe, kisha geuzageuza chini ya mwanga wa upande. Kwenye uso wa almasi ya nyuso nane mara nyingi kuna vishimo vidogo vya pembetatu, vilivyopangika vyote vikielekea upande mmoja, na ncha zake zinaelekea kinyume na ncha ya uso wenyewe. Ukiviona vimejaa hivyo, na jiwe lina ile sura ya mafuta, simama hapo uende ukapime kwa makini. Kwatzi nayo inaweza kuwa na alama za pembetatu kwenye nyuso za nchani, ndiyo maana sisemi pembetatu pekee zinatosha.

Mahali palipovunjika pia pana habari. Kwatzi na kioo huvunjika kwa mikunjo ya duara, kama ndani ya kombe la konokono. Almasi hupasuka kwa bapa, ngazi kwa ngazi. Ndani ya kioo tafuta viputo vya duara na mawimbi ya mkorogo, kama asali inapomwagwa ndani ya maji. Ukivipata, maliza kazi, hakuna almasi yenye viputo vya namna hiyo. Kioo cha dirisha ukikitazama kwa ubavu wake mrefu kina ukijani. Ndani ya kwatzi utaona mara nyingi utando wa ukungu, kama pazia la vumbi la maji. Almasi ina madoa meusi au nyufa bapa zinazowaka mwanga ukizipata.

Hapa lazima nitahadharishe. Umbo linaigizwa. Kioo kinakatwa nyuso nane na kusuguliwa kwa tindikali mpaka kipate ngozi ya ukungu. Floraiti, ambayo ni madini ya kweli na si ghali, hupasuka yenyewe kuwa nyuso nane safi kabisa, na kisu cha kawaida kinaichimba. Hata shabu, hii hii wanayouza kwa wenye kunyoa ndevu, fuwele zake zikikua taratibu hutoka na nyuso nane. Hiyo ukiitia kwenye maji ya uvuguvugu itapungua mbele ya macho yako. Macho yanakusaidia kukataa jiwe. Kulikubali ni kazi ya mzani.

Ugumu: nani anamkwaruza nani

Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs almasi ina 10, kwatzi 7, kioo cha kawaida kama 5.5. Kila kilicho juu kinakikwaruza kilicho chini. Sasa tazama kioo kilipokaa: karibu kila jiwe gumu liko juu yake. Kwatzi, topazi, garneti, rubi, hata tupa ya chuma, vyote vinachora kioo. Na kipande cha chupa chenye ncha kali kinaweza kuacha alama kwenye kioo cha dirisha, kwa kuwa ugumu wao unalingana. Kipimo hiki hakijawahi kuitenganisha almasi na kwatzi, na hakitakuja kuitenganisha.

Kama unataka kupima ugumu, geuza kipimo. Chukua kitu kilicho kati ya kwatzi na almasi, uone kama kinaliumiza jiwe lako au jiwe lako linakiumiza. Duka la vifaa vya ujenzi na rangi za magari linauza msasa mweusi wa kutumia na maji; chembe zake nyingi ni silikoni kabaidi, yenye ugumu unaozidi 9. Sugua kona iliyofichika ya jiwe mara kumi. Kwatzi na kioo vitapoteza mng'ao pale uliposugua. Almasi haitasikia. Kwa wenzetu wa upande wa Mpwapwa kuna njia nzuri zaidi: rubi duni ya Winza, ile isiyofaa kukatwa, ina ugumu wa 9. Kwatzi ikiburutwa juu ya uso laini wa rubi hiyo haiwezi kuichora. Itaacha unga wake mweupe unaofutika kwa kidole. Futa kabla ya kuamua, kwa sababu unga huo umewadanganya wengi. Almasi itaacha mfereji ambao haufutiki.

Msasa una gharama yake lakini. Jiwe ambalo si almasi linaweza kuwa topazi au zirkoni nzuri, na wewe umeliharibu kwa haraka. Sugua mahali padogo, mwishoni, baada ya vipimo visivyoumiza.

Kuhusu nyundo naomba sana, kwa heshima zote kwa wazee wanaoamini kwamba almasi ya kweli haivunjiki: inavunjika. Ugumu wa almasi ni wa kutokwaruzwa. Ina pande nne ambazo ukiipiga sawasawa inapasuka bapa, na hivyo ndivyo mafundi wa kale walivyoigawa. Kipimo cha nyundo kikifaulu umegundua kwatzi ambayo ungeigundua kwa njia nyingine kumi. Kikishindwa umegeuza jiwe la thamani kuwa vigae. Moto wa kibiriti kisha maji baridi ni ndugu yake nyundo. Usikubali muuzaji akufanyie, wala usimfanyie.

Mzani na kikombe cha maji

Hapa ndipo ninapomwambia kila mtu aanzie, na ndicho kipimo nilichomfanyia mjomba. Hakihitaji fundi, hakiumizi jiwe, na hakisikilizi maneno ya muuzaji.

Kila kitu kina uzito wake kwa ujazo wake. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu moja. Ya kwatzi ina gramu 2.65. Ya kioo cha chupa au dirisha ina kama 2.5. Ya almasi ina 3.52. Namba ya almasi na ya kwatzi hazisogei kutoka jiwe hadi jiwe, na pengo kati yao ni kubwa kiasi kwamba mzani mdogo wa mfukoni, unaosoma gramu 0.01 kama wanaotumia masonara, unatosha.

Pima jiwe likiwa kavu, andika. Kisha weka kikombe chepesi chenye maji juu ya mzani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Lifunge jiwe kwa uzi mwembamba wa kuvulia samaki, lizamishe lote ndani ya maji likining'inia, lisiguse kitako wala ubavu wa kikombe. Mzani utaonyesha namba mpya, ndogo kuliko ya kwanza. Hiyo ni gramu za maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya uzito wa kwanza kwa huo wa pili.

Tuchukue jiwe la gramu 5.28. Likiwa almasi, mzani utasoma 1.50 ndani ya maji, na 5.28 ukigawanya kwa 1.50 unapata 3.52. Likiwa kwatzi utasoma 1.99. Likiwa kioo cha chupa, 2.11. Jiwe la mjomba lilikuwa na gramu 6.36, maji yakasema 2.40. Piga hesabu mwenyewe.

Makosa yanayoharibu kipimo hiki ni machache na yanajulikana. Jiwe likigusa kitako cha kikombe, mzani utabeba uzito wake wote na namba itakuwa upuuzi. Viputo vya hewa vikiganda kwenye jiwe, vitalifanya lionekane jepesi kuliko lilivyo. Tia tone la sabuni ya maji, litikise kidogo. Upepo wa feni unachezesha mzani, zima feni. Rudia mara tatu, na majibu yakipishana sana usiamini hata moja.

Udogo wa jiwe ndio mpaka wake. Karati moja ni gramu 0.2. Jiwe la karati mbili, yaani gramu 0.40, likiwa almasi litasukuma maji gramu 0.11 na likiwa kwatzi 0.15, bado unaweza kuona tofauti, ila mkono lazima utulie. Jiwe la karati moja linasukuma 0.06 au 0.08, na hapo mzani wa mfukoni unabahatisha. Tafuta unaosoma 0.001, au nenda maabara.

Sasa wale wanaoikaribia namba ya almasi. Topazi ndiye pacha wake hapa: ina 3.5 na kidogo, mzani wa nyumbani hauwezi kuwatenganisha. Ugumu wake ni 8, kwa hiyo msasa mweusi unaikwaruza na rubi ya Winza haichoreki nayo. Tena inapasuka bapa kwa upande mmoja tu. Kioo chenye risasi nyingi kinaweza kupanda mpaka 3 na zaidi, lakini ni laini, kisu kizuri au tupa inakimaliza. Zirkonia ya kiwandani, ambayo huchongwa umbo la nyuso nane na kuuzwa kama almasi ghafi, ni nzito mno, 5.6 na kuendelea. Ukishika tu mkono unashangaa. Moisanaiti ya kiwandani ni 3.22 na floraiti ni 3.18. Ukiona namba yako iko kati ya 3.1 na 3.3 usijisemee kwamba umekosea kidogo na ni almasi. Almasi haiteremki huko.

Vipimo vingine, kwa haraka

Pumzi. Almasi hupitisha joto kuliko karibu kitu chochote tunachokijua, kwa hiyo ukungu wa pumzi hutoweka juu yake papo hapo, na mdomoni ni ya baridi. Lakini kwatzi nayo ni ya baridi. Kinachojitenga hapa ni kioo, ambacho kina uvuguvugu na hukaa na ukungu. Kama kutenganisha almasi na kwatzi ndilo swali lako, pumzi haitoshi.

Testa, ile kalamu ya betri inayolia ikiguswa na almasi, inatumia sababu hiyo hiyo ya joto, ila inapima kwa uhakika. Kwatzi na kioo haviwezi kuilizisha ikitumiwa vizuri: jiwe kavu, limepoa, ncha imesimama wima kwenye uso bapa. Moisanaiti inailizisha, ndiyo maana testa bila mzani inaweza kumlaza mtu na deni. Na testa isiwe ya muuzaji. Akikuletea yake, mwambie tu kwa adabu, "Kaka, ngoja nitumie ya kwangu."

Miwani ya polaroidi, ile ya jua inayokata mng'ao. Hiki nakipenda, kwa sababu kinatumia vitu ambavyo tayari viko nyumbani. Washa skrini nyeupe ya kompyuta ndogo, vaa miwani, inamisha kichwa mpaka skrini ionekane nyeusi. Weka jiwe ndani ya bilauri ndogo bapa yenye maji au mafuta ya kula, kati ya skrini na jicho, ulizungushe taratibu. Kwatzi huwaka na kuzimika mara nne katika mzunguko mmoja, isipokuwa umeitazama kwa urefu wa mche wake, kwa hiyo ilaze upande mwingine ujaribu tena. Kioo na almasi hubaki giza au huonyesha mabaka yasiyo na mpango. Haikwambii kama ni almasi. Inakwambia kama inaweza kuwa kwatzi, na kwa mawe ya Dodoma hilo ndilo swali la kwanza.

Grisi na maji. Uso safi wa almasi haupendi maji. Tone husimama juu yake kama juu ya jani la myugwa, na grisi huishika. Migodi imetumia meza za grisi kwa sababu hiyo: changarawe yenye maji inapita, almasi inanasa. Jiwe moja mkononi, lililoshikwa na vidole vyenye jasho na mafuta, halitoi jibu la kutegemea.

Taa ya kukagulia noti. Baadhi ya almasi huwaka buluu chini yake, nyingi haziwaki, na vitu vingi visivyo almasi huwaka pia. Iache kwenye duka la M-Pesa.

Ukishapata namba yako

Ikiwa ni 2.65 na miwani imewaka na kuzima, una kwatzi. Ikiwa angavu na kubwa, bila nyufa, kuna wanaoinunua kwa ajili ya kuchongwa, kwa bei ya kwatzi.

Ikiwa imekaa kwenye 3.52, msasa haujaigusa na testa imelia, usiitangaze kijiweni. Dodoma tuna bahati ambayo mikoa mingine haina. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, iko hapa hapa mjini na ina maabara. Makao makuu ya Tume ya Madini yako hapa. Tangu 2019 serikali imefungua masoko ya madini mikoani, na Dodoma lipo. Huko jiwe linapimwa na kuthaminiwa mbele yako, mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 vinajulikana, na anayenunua ana leseni. Kuuziana almasi ghafi mfukoni bila leseni ni kosa kisheria, kwa muuzaji na kwa mnunuzi. Haijalishi shida ya nauli aliyonayo. Nchi yetu pia iko ndani ya Mpango wa Kimberley, utaratibu wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya almasi ghafi ulioanza 2003, kwa hiyo almasi ghafi haivuki mpaka kihalali bila cheti chake.

Lipo jambo moja la mwisho, na limewaumiza hata watu waliopima vizuri. Jiwe hubadilishwa. Unapima la kweli mchana, mnakubaliana bei, muuzaji analifunga kwenye karatasi "ili usimpe mtu mwingine", unakwenda kutafuta fedha, na karatasi unayofungua jioni ina jiwe lingine la umbo lile lile. Vivyo hivyo kwa mwenye jiwe lake la kweli aliyelikabidhi kwa dalali "alale nalo usiku mmoja tu". Uzito mkavu wa gramu hadi tarakimu mbili baada ya nukta ni kama alama ya kidole. Mawe mawili yanayofanana machoni ni nadra yalingane hapo. Uandike mbele ya mwenzako, mpige picha jiwe likiwa juu ya mzani na namba ikisomeka, na kila mara jiwe linapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, lipande mzani tena kabla fedha haijahesabiwa.